Oriki ya Nyumba Nyingine

Fola mwanangu,

Umetoka saa kumi na mbili na nusu kwenda studio kuwaaga wenzako, na umesema saa tatu utakuwa umerudi. Kwa hiyo nina muda, ila si mwingi. Begi lako liko mlangoni. Sitaandika hapa habari za dawa wala soksi, wala chakula cha kukwepa njiani. Una miaka ishirini na mbili. Hayo unayajua, na usiyoyajua utawauliza watu.

Ninaandika kwa sababu kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kabla hujapanda ndege ya Lagos kesho asubuhi. Nimekuficha kwa miaka kumi na minane. Linahusu kiitikio cha wimbo wako wa kwanza, ule uliotangulia kutoka, ule ulioipa albamu nzima jina. Maneno yale ya Kiyoruba unayaita oriki ya baba yako, sifa za ukoo wake tangu wazee wa wazee. Siyo. Ni oriki ya nyumba nyingine kabisa. Mimi ndiye niliyekupa, na nilijua wakati nakupa.

Nimeshaandika. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi. Sasa nieleze ilivyokuwa, na nitajaribu nisijitetee.

Unakumbuka ile ndoo ya bluu? Huenda hukumbuki, ulikuwa mdogo. Baba yako alikuwa anaigeuza kichwa chini jikoni, anakukalisha juu yake, yeye anapiga magoti sakafuni kukuvalisha viatu vya chekechea. Na kila asubuhi, wakati anafunga kamba, alikuwa anakuambia oriki yako. Haikuwa wimbo hasa, wala hakuwa anaongea kawaida. Sauti ilipanda, ikashuka, ikafika mahali ikapanda tena, na mahali pale wewe ulikuwa unainua kidevu kama mtu anayepigwa picha. Kila siku mahali pale pale. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, naosha vyombo.

"Baba Fola, muda! Teksi haiwangoji wewe na wazee wako."

"Mwache kwanza ajue yeye ni nani," alikuwa anajibu, "ndipo aende akafundishwe rangi na namba."

Siku moja nilimuuliza maneno yale maana yake nini. Akasema akinitafsiria yatapoa, afadhali nijifunze. Nikamwambia nitajifunza nikistaafu. Tulicheka. Nimeishi na kicheko kile muda mrefu, Fola, na kila mwaka kinanichekesha kidogo kuliko mwaka uliopita. Miaka minne, tangu ulipokuwa hujavaa viatu, nilisikia yale maneno kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na sikushika hata mstari mmoja. Nilidhani yatakuwepo tu, kama maji ya bomba.

Alivyofariki unajua. Alikuwa Mobeni, kule viwandani hapa Durban, anatengeneza chumba cha baridi kwenye ghala la nyama, na moyo ukasimama akiwa juu ya ngazi. Walinirudishia koti lake. Mfukoni mlikuwa na skrubu tano na karatasi ya peremende yako. Hilo nimekuambia mara nyingi. Ambalo sijakuambia ni simu iliyofuata.

Mama yake alipiga kutoka Abeokuta, kwao Nigeria. Alitaka mwanawe apelekwe nyumbani akazikwe uani kwao, karibu na baba yake. Nikasema tunazika hapa Jumamosi. Akasema tumngoje mdogo wake aje amchukue. Nikasema hapana. Sikuwa na sababu nzuri ya kumpa. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka mahali pa kwenda na wewe siku ya Jumapili tukakae karibu naye, na niliona aibu kulisema hilo kwa mama anayelia. Akaniuliza, "Wewe ni nani wa kumzika mwanangu ugenini?" Nikasema mimi ni mkewe. Akasema neno ambalo leo namsamehe. Mimi nikajibu kwamba mwanawe amekwisha na mjukuu asimhesabu, wewe una ukoo wako huku. Kisha nikabadilisha laini ya simu. Hivyo ndivyo ulivyokosa bibi. Hawakukutupa. Nilifunga mlango mimi.

Jumatatu ya kurudi chekechea, ulikwenda mwenyewe ukaigeuza ile ndoo. Ukakaa. Ukanyoosha mguu, ukangoja.

Nilileta kiatu, ukavuta mguu. Nilijaribu kuimba kitu cha Kigoma, cha mama yangu, ukaziba masikio. Ulikwenda shule na ndala. Siku ya pili ndala, wiki ya pili ndala, na mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu akaniandikia kadi. Jioni nilikuwa nakusugua miguu kwa maji ya moto, na wewe hulii wala husemi. Mtoto wa miaka minne asiposema, nyumba nzima inakuwa baridi.

Ndipo nikaenda kugonga kwa Iya Sade. Unamkumbuka vizuri yeye, Myoruba mwenzake baba yako, mlango wa tatu kutoka kwetu, ambaye sebule yake ilikuwa saluni, nywele za bandia zimetundikwa hadi kwenye pazia. Alikuwa amemweka mteja kitini. Nikamwambia, "Nifundishe oriki, nimsemee mtoto."

"Oriki ya nani?"

"Ya kwao. Ya baba yake."

"Watu wa wapi?"

"Abeokuta."

Akacheka, kitana mdomoni. "Mama Fola, hiyo ni kama mtu aniambie, nipe funguo ya nyumba, nyumba iko Durban. Abeokuta ina watu wangapi? Kila nyumba ina yake. Ya kwao mimi siijui. Mpigie mama mkwe wako."

"Sina namba."

"Huna namba au huna mdomo?"

Mteja akacheka pia. Mimi nikaanza kulia pale pale kati ya makopo ya mafuta ya nywele, na Iya Sade akamwambia yule mteja ashuke akajinunulie soda. Tulipobaki wawili nikamwomba. Nikasema, nipe ya kwenu. Ana miaka minne, hatajua. Nataka avae viatu tu.

Alikataa. Nataka ujue kwamba alikataa. Alisema yeye ni binti wa wahunzi, watu wa nyundo na moto, na kumwita mtoto wa watu kwa sifa za wahunzi ni kumtoa kwao na kumpeleka kwa wengine bila wenyewe kuulizwa. Alisema ukifa mtu anakuita kwa oriki, ukiolewa wanakuita kwayo, ukitoka safari mama yako anakupokea nayo mlangoni. "Si wimbo wa kubembelezea," alisema. Lakini nilikwenda jioni tatu mfululizo, na jioni ya tatu nilikupeleka na wewe, miguu imepauka kwa maji. Akakutazama miguu. Akasema, "Haya, kaa. Sema nyuma yangu."

Ilinichukua siku nne kushika. Nilikuwa naisema kimoyomoyo kiwandani, mikono inafunga maboksi. Ikifika jioni Iya Sade ananisahihisha, "Panda hapo! Ukishuka umemtukana." Na maneno yale ndiyo yale yale unayoyasema leo kwenye wimbo wako, mtoto wa wahunzi, mtoto wa waliolainisha chuma, yote.

Yaliyotokea asubuhi ya tano nitayaandika baadaye. Nayazunguka, najua. Niache nizunguke kidogo.

Viatu ulivaa. Ukarudi kusema. Ukawa unashinda kwa Iya Sade, unashika nywele anazosuka, na Kiyoruba kikakuingia kupita mtoto yeyote wa jengo hili. Niliona hivyo nikajipongeza. Nilijiambia, ona, nimemrudishia baba yake. Uongo ukikaa vizuri unapata hata picha ukutani.

Iya Sade alipokuwa anarudi kwao, wewe una miaka kumi na minne, aliniita ngazini. Akasema, "Mama Fola, kile kitu nilikukopesha. Mwambie mtoto kabla hajaenda nacho mbele ya watu." Nikasema nitamwambia. Nilikusudia kweli. Mwaka ule mtaani hapakuwa pazuri kwetu sisi wageni. Nilikuwa nakukataza usiongee lugha yoyote ya nyumbani ndani ya teksi, ukae kimya, ukiulizwa jibu kwa Kizulu. Kimya kilikuwa kinatulinda. Nikazoea kukitumia mpaka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatutishia. Kama kuna kitu kimoja katika mwenendo wangu ambacho sitaki uondoke nacho kesho, ni hicho.

Halafu ukaanza kurap. Mwanzoni nilidhani ni mchezo. Mashairi kwa Kiingereza, robot ya kona yetu, zile taa za barabarani, imo, foleni ya teksi imo, bandari imo, kisha ghafla unaingia Kiyoruba na hata mimi nisiyeelewa nywele zinasimama. Kiswahili hakimo, ila pale mwanzo wa wimbo wa saba ambapo umeweka sauti yangu nakuita uje kula. Sikulaumu. Nimeisikiliza sehemu ile mara nyingi kuliko utakavyoamini.

Siku ulipoleta picha ya jalada, niliona umesimama kwenye karakana ya mchomelea vyuma Mobeni, umevaa aproni ya ngozi, umeshika nyundo begani, cheche nyuma yako. Ukasema, "Mama, ona, nimewavalia wazee wa baba." Ukaniuliza kwa nini silii. Nikasema machozi yameisha. Nikaenda kukoroga ugali uliokuwa umeshaiva.

Kazini, yule Mkongo tunayemwita Ya Mado, anayefunga maboksi nami meza moja, alikuja mbio siku wimbo ulipopigwa redioni. "Mama Fola! Mutoto yako iko kwenye redio! Eish, vraiment, kweli kabisa, hii mutoto iko na sauti ya wazee!" Watu wote wakapiga makofi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilikuwa nawaza kwamba wimbo ukifika redio ya hapa, utafika na kwao.

Ulifika. Ulipompata baba yako mdogo kwenye mtandao, ulifurahi sana, ukamtumia wimbo. Alijibu neno moja, "Nimesikia," kisha kimya. Umekuwa unaniuliza miezi miwili, "Mama, mbona wamepoa? Nimekosea nini?" Nami nakuambia labda wana shughuli. Wewe huyo unasema Jumapili utakwenda Abeokuta hivyo hivyo, upige hodi, upige magoti kama Iya Sade alivyokufundisha, umwambie bibi oriki yake mwenyewe kabla ya kuirudia jukwaani Lagos kwenye onyesho lako la Ijumaa. Jana ulikuwa unafanya mazoezi mbele ya kioo. Nilishindwa kula.

Leo saa ya chakula cha mchana nilipiga ile namba uliyoiandika kwenye karatasi ya friji. Nilisimama nje ya kiwanda, malori yanapita, kidole kimoja sikioni. Baba yako mdogo alipokea, nikajitambulisha. Nikasikia anatembea. Kisha ikaja sauti ya mtu mzima sana, bibi yako.

Tuliongea Kiingereza, ambacho si chake wala si changu. Nilimwamkia kwa Kiyoruba kidogo nilichonacho. Hakuitikia. Akasema, "Nilisikia wimbo. Mjukuu wangu anajiita mtoto wa wahunzi. Sisi hatujawahi kushika nyundo. Nikasema, basi, mama yake ameolewa huko na mtu wa nyumba ile, na mtoto amepewa yeye. Mwanangu amefutwa."

Nikasema, "Mama, sikuolewa."

"Basi nani amempa?"

Nikamwambia. Yote, na ndoo, na ndala, na jioni tatu. Lori lilipita nikalazimika kurudia sehemu mbaya kuliko zote kwa sauti kubwa, walinzi wa getini wananitazama. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Alikuwa anamwambia kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Isipokuwa Jumapili, Jumapili mlikuwa mnalala nyote."

Nilisema "mlikuwa" kama vile naongea na yeye baba yako. Hakunisahihisha.

Nikamwomba aniambie oriki yenyewe, niiandike, nikupe usiku huu, wewe ubadilishe wimbo kabla ya Ijumaa. Akakataa kabisa. "Ulikwenda kuazima mlango wa jirani kwa sababu hukutaka kugonga wangu. Sasa unataka nikutupie dirishani? Haiji kwa simu. Atakuja, ataniamkia asubuhi, nitamwambia mimi. Lakini sikiliza, mke wa mwanangu." Aliniita hivyo, Fola. "Mwambie yeye kwanza. Akifika hapa hajui, akafungua mdomo akasema yale ya watu wengine mbele ya picha ya baba yake, sitafungua mlango wa ndani. Sitamfukuza. Lakini sitafungua."

Basi ndiyo hivyo. Ukiondoka kesho bila kujua, unakwenda kwenye mlango ambao hautafunguliwa, na kosa si lako.

Ya albamu siwezi kukuamulia. Prodyuza wako atasema imechelewa, na pengine ni kweli. Maneno yale Iya Sade aliyatoa kwa huruma, na yalikutoa nyumbani ukiwa na viatu miguuni, kwa hiyo siwezi kuyaita takataka. Lakini yana wenyewe, na wewe una wenyewe, na wote wako hai. Uamuzi ni wako. Utakavyoamua, sitauliza mara mbili.

Sasa ile asubuhi ya tano.

Ulikaa kwenye ndoo. Nilipiga magoti pale alipokuwa anapiga yeye. Nikashika mguu wako, nikaanza. Nilijitahidi sana, nilipandisha pale pa kupandisha. Ulikuwa unanisikiliza umefungua mdomo kidogo. Ukangoja mahali pako, pale unapoinua kidevu. Hapakufika. Nilipomaliza ukanitazama usoni, na yakawa maneno yako ya kwanza tangu tumzike. Ulisema, "Siyo hiyo, Mama."

Nikasema, "Ndiyo hii."

Ukatikisa kichwa. "Siyo. Ya Baba siyo hiyo."

Ningeweza kusema sijui, mwanangu. Ningesema, ya Baba mimi sikuishika, hii nimeazima kwa Iya Sade. Mtoto wa miaka minne angeelewa neno kuazima, ulikuwa unaazima kalamu kila siku. Lakini nilikuwa nimechoka, na niliogopa ndala. Nikakushika mashavu nikasema, "Ndiyo hii. Umesahau. Wewe ni mdogo, umesahau."

Na wewe ukaniamini. Niliona ukiniamini. Uso wako ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyefanya kosa, ukanyoosha mguu.

Kufiwa kwako na baba yako si tendo langu. Hili nililitenda. Ulikuwa bado unayo, Fola. Huenda si maneno yote, lakini sauti yake ulikuwa nayo, ulikuwa unajua inapopanda. Ulikuwa mtu pekee Durban nzima aliyekuwa nayo, nami nikakuambia uitupe kwa sababu haikufanana na yangu. Hukusahau. Ulikuwa sahihi. Nimekaa miaka kumi na minane nikidaiwa nawe hilo neno, na hili ndilo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uisome ndani ya ndege, nami niwe nimebaki huku ng'ambo ya mawingu ambako huwezi kunitazama. Ndivyo nilivyoanza nayo saa mbili zilizopita. Lakini naisoma tena naona ni ule ule mchezo wangu. Bibi yako alisema nikuambie, hakusema nikuandikie.

Kwa hiyo haiendi kwenye begi. Ninaiandika tu ili mdomo wangu usipate pa kukimbilia katikati ya njia. Lifti imelia. Hizo ni hatua zako, na unaimba, na unaimba yale yale.

Ingia, mwanangu. Usivue viatu kwanza. Kaa hapo, nikusomee kitu, na usinikatishe mpaka nifike mwisho. Ukitaka kukasirika baada ya hapo, nipo, siendi jikoni.

Mama yako